Mwenye kutumaini ana imani pungufu? Jibu kwa msomaji wa Bagamoyo

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa jumuiya ndogo ndogo huku Magomeni, Bagamoyo. Mama yangu ana miaka 61, ana kisukari na anadunga insulini. Kwenye maombi nyumbani kwa jirani ameambiwa kwamba mwenye imani haendelei na sindano, kwa sababu kudunga ni kuukiri ugonjwa. Niliposema natumaini Mungu atamponya, nikajibiwa kwamba kutumaini ni kwa wenye mashaka. Mwenye imani anakiri kuwa ameshapona. Sasa mama anataka kufunga kavu siku tatu. Je, imani na tumaini ni kitu kimoja? Kipi kinatangulia? Na jumuiya niifundishe nini?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Kabla ya mengine yote: kama mama ameshaacha sindano, mpeleke hospitali leo, usingoje kumaliza kusoma. Mtu anayetegemea insulini akiiacha, sukari hupanda na damu huanza kujaa asidi; siku chache, au hata pungufu ya hizo, zinatosha kumfikisha pabaya. Dalili zake ni kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara, kutapika, tumbo kuuma, kuhema haraka na kwa nguvu, na pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva mno. Dozi ya kuanza nayo tena aipange daktari baada ya kumpima. Msikisie nyumbani.

Sasa swali lenyewe. Imani na tumaini ni vitu viwili, na tumaini si imani iliyopungua. Imani humshika Mungu kwa jinsi alivyo na kwa yale aliyoyasema. Tumaini hungoja kutoka kwake kile alichokiahidi ambacho bado hakijafika. Imani hutangulia, kwa kuwa hakuna awezaye kungoja ahadi ya mtu asiyemwamini. Ila vyote viwili vina mpaka mmoja, nao ni neno la Mungu mwenyewe. Waliomshauri mama waliteleza papo hapo: walimpima kiasi cha imani yake kabla ya kuuliza Mungu ameahidi nini hasa.

Sura inayolionyesha jambo hili waziwazi, kwa maoni yangu, si Waebrania 11 ambayo kila mtu huikimbilia. Ni Matendo 27, na ninyi watu wa pwani mtaielewa upesi kuliko walimu wengi wa bara. Merikebu ina watu 276 na imekusudia kufika Italia. Majira mazuri ya kusafiri yamekwisha na Paulo ameonya, hakusikilizwa. Tufani inawakamata karibu na Krete. Jua halionekani, nyota hazionekani kwa siku nyingi, na Luka anaandika kwamba wakakata tamaa ya kuokoka, naye akiwa mmoja wao. Ndipo malaika anamwambia Paulo kwamba hakuna hata mtu mmoja atakayepotea, ila merikebu tu. Paulo anasimama mbele ya watu na kusema anamwamini Mungu kwamba “yatakuwa vile vile kama nilivyoambiwa”.

Maneno hayo yana uzito wa sura nzima. Kama nilivyoambiwa, si kama nitakavyo, wala kama nilivyojisikia moyoni wakati wa kusali. Paulo aliambiwa watu watapona na chombo kitavunjika, basi akaamini yote mawili. Mtu ambaye angesimama juu ya sitaha akakiri kwa nguvu kwamba merikebu haitavunjika, angeonekana shujaa wa imani usiku ule, kumbe anapingana na Mungu.

Kisha angalia kilichofuata. Usiku wa kumi na nne mabaharia wanahisi nchi kavu iko karibu. Wanapima kina, pima ishirini, halafu kumi na tano, na kutupa nanga nne za tezi, yaani nyuma. Baadhi yao wanashusha mashua wakijifanya wanakwenda kutia nanga za omo, yaani mbele, nia yao ni kutoroka. Paulo anamwambia akida: “Hawa wasipokaa ndani ya merikebu hamtaweza kuokoka.” Ahadi ilikuwa imeshatolewa, tena na malaika, na bado Paulo anasema bila mabaharia hamtapona. Askari wanakata kamba za mashua. Paulo anawahimiza watu wale chakula, maana walikuwa na siku nyingi bila kula. Ngano iliyobaki inatupwa baharini. Asubuhi chombo kinapwelewa na kuvunjika, na watu wanafika Malta, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao. Ahadi ilitimia kwa njia ya mbao na miguu ya watu.

Yuko pia mfalme Hezekia katika Isaya 38. Huyu aliahidiwa kwa jina, na kwa hesabu: miaka 15 iongezwe katika maisha yake. Nabii aliyemletea ahadi hiyo ndiye huyo huyo aliyeagiza andazi la tini liwekwe juu ya jipu. Ikiwa mtu mwenye ahadi mkononi alitumia dawa, mama asiyekuwa na ahadi ya namna hiyo ataachaje sindano kwa jina la imani? Wakatoliki tuna pia Yoshua bin Sira sura ya 38, inayosema Bwana ameumba dawa kutoka katika ardhi na mtu mwenye akili hazidharau.

Tuirudie imani yenyewe, maana neno hili limefanywa kuwa nguvu fulani ndani ya mtu, ambayo ikiwa nyingi huleta matokeo. Wanateolojia wengi wameieleza kwa sehemu tatu. Kwanza kujua: kuna jambo limesemwa na umelisikia, ndiyo sababu Warumi 10:17 inasema chanzo cha imani ni kusikia. Pili kukubali kwamba jambo hilo ni kweli. Tatu kujikabidhi kwa yule aliyelisema. Ya kwanza na ya pili peke yake hazitoshi. Yakobo 2:19 inasema mashetani nao waamini na kutetemeka. Hapo kwenye ya tatu ndipo Walutheri na Wakatoliki wanapogawana maneno kidogo. Walutheri huliweka tegemeo hilo la moyo ndani ya imani yenyewe, na Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwanateolojia wa Kikatoliki aliyefariki 1274, hulisogeza upande wa tumaini kwa sababu imani aliiweka kwanza katika akili na tumaini katika utashi. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1547 ulisema imani isipoongezewa tumaini na upendo haimuunganishi mtu kikamilifu na Kristo. Katika jumuiya msipoteze muda hapo. Kwa mama yako tofauti hiyo haibadilishi kitu.

Kinachobadilisha ni maelezo ya Tomaso juu ya tumaini. Anasema kitu unachokitumaini lazima kiwe na sifa nne: kiwe chema, kiwe bado hakijafika, kiwe kigumu kukipata, na kiwe kinawezekana. Chukua sifa hizo uzipime kwa maneno ya jirani. Wao wanasema tumaini ni dhaifu kwa sababu linasema “bado”. Lakini “bado” ndiyo sehemu ya tumaini. Paulo katika Warumi 8:24 anauliza ni nani anayekitarajia kile akionacho. Ukiondoa “gumu”, tumaini linageuka kuwa kujikinai: mtu anamdai Mungu, anaruka njia aliyoiweka, anaacha sindano. Ukiondoa “linawezekana”, linakuwa kukata tamaa. Kanisa Katoliki limeyataja hayo mawili kuwa dhambi dhidi ya tumaini, na jambo ambalo watu hawaliangalii ni kwamba la kwanza huzaa la pili. Mgonjwa aliyekiri kwa miezi mitatu kuwa amepona, akipimwa na sukari ikaonekana iko juu, haanguki kidogo. Ataona ama Mungu ni mwongo ama yeye amekataliwa. Wanafunzi wawili waliokuwa njiani kwenda Emau baada ya Yesu kusulubiwa walikuwa hapo hapo: “Nasi tulikuwa tukitumaini,” wanasema katika Luka 24:21. Walichokitumaini ni ukombozi wa Israeli kwa namna waliyoitaka wao. Yesu hakuwaongezea nguvu ya kuamini. Aliwafungulia Maandiko waone kilichoahidiwa.

Yeremia alipambana na jambo hilo hilo. Nabii Hanania alisimama hekaluni akawatangazia watu kwamba katika muda wa miaka 2 vyombo vya nyumba ya Bwana vitarudi kutoka Babeli. Habari tamu, na bila shaka aliyeitilia shaka alionekana hana imani. Yeremia akasema miaka 70, akawaandikia waliohamishwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuozesha. Ule mstari wa Yeremia 29:11 juu ya mawazo ya amani na tumaini siku za mwisho, tunaoupenda kwenye kadi za mialiko, unatanguliwa na mstari wa 10 wenye hiyo miaka 70. Wengi waliousikia mara ya kwanza walikuwa wazee wa kufia Babeli. Tumaini lao lilikuwa la kweli hata hivyo, kwa kuwa liliwapa kazi ya kufanya wakati wa kungoja.

Sasa Waebrania 11:1, “Basi imani ni kuwa na hakika ya mambo yatarajiwayo, ni bayana ya mambo yasiyoonekana.” Mstari huu ndio unaonukuliwa kuthibitisha kwamba imani imelimeza tumaini. Usome tena: hakika hiyo ni ya mambo gani? Ya mambo yatarajiwayo. Kama hakuna linalotarajiwa, imani ya mstari huu haina cha kushika. Kisha usiishie kwenye mashujaa waliofunga vinywa vya simba. Kuanzia katikati ya mstari wa 35 wanaingia wengine: waliopigwa, waliofungwa, waliopigwa kwa mawe, waliokatwa kwa misumeno. Mstari wa 39 unawaweka wote katika kundi moja, walioponea na waliouawa: wameshuhudiwa kwa imani yao, na hawakuipokea ahadi. Mwandishi hakupima imani ya mtu yeyote kwa kupona kwake. Sura ya 6:19 ya waraka huo huo inaliita tumaini nanga ya roho. Mvuvi yeyote wa Bagamoyo anajua nanga haitulizi mawimbi, na pale iliposhika hapaonekani kutoka juu.

Watakuuliza juu ya Marko 11:24: “Yo yote myaombayo mkisali, aminini ya kwamba mnayapokea, nayo yatakuwa yenu.” Usiukwepe, ni neno la Yesu. Lakini sura tatu mbele, Gethsemane, Yesu huyo huyo anaomba kikombe kiondolewe na kumalizia, si kama nitakavyo mimi bali utakavyo wewe, na kikombe hakikuondolewa. 1 Yohana 5:14 inaeleza kwamba anatusikia tukiomba sawasawa na mapenzi yake. Paulo aliomba mara tatu juu ya mwiba wake akajibiwa kwa neema badala ya kuondolewa. Trofimo, mwenzake Paulo, aliachwa Mileto mgonjwa (2 Timotheo 4:20), na Timotheo akashauriwa atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Hakuna hata mmoja wao aliyeambiwa imani yake ni ndogo. Na kule pwani wako Wakristo wanaoona haya kusema “Mungu akipenda”, eti ni maneno ya majirani zetu Waislamu, au ni maneno ya mwenye mashaka. Yakobo 4:15 inatuagiza tuseme hivyo hivyo: “Bwana akipenda, tutakuwa hai na kufanya hivi au hivi.”

Je, basi uponyaji haumo kabisa katika ahadi? Umo, na mkubwa kuliko wanaouhubiri. Warumi 8:23 inasema tunangojea ukombozi wa mwili wetu. Kila mwili uliobatizwa umeahidiwa kufufuliwa. Kupona kisukari mwezi huu ni zawadi ambayo Mungu anaweza kuitoa, tunaiomba bila haya, na akiitoa tunashukuru. Hakuiweka katika ahadi. Ndiyo maana Kanuni ya Imani tunayoiimba Jumapili huanza na “Nasadiki” na karibu na mwisho ikageuka kuwa “nangojea na ufufuko wa wafu”. Anayesema kungoja ni upungufu wa imani aamue atafanya nini na mstari huo.

Sala mlizokariri tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza zina mpangilio huo huo, ingawa twazisali mbio mbio. Sala ya Imani inatoa sababu ya kusadiki: Mungu hadanganyiki wala hadanganyi. Sala ya Matumaini inataja kinachotumainiwa, neema zake duniani na utukufu mbinguni, na sababu yake: “kwani ndiwe uliyeagana hayo nasi, nawe mwamini.” Agano, basi. Afya ya mwili haikutajwa hapo. Mama akizisali hizo mbili taratibu atakuwa na teolojia ya kutosha kumjibu jirani.

Na kama bado wanashikilia kwamba ugonjwa ni dalili ya imani haba, watembelee makaburi ya misheni hapo hapo mjini. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo 1868, wakaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, wakapanda miti na kufundisha kazi za mikono. Wengi wa waliolala pale walikufa vijana, kwa homa. Sitaki kuwafanya wote watakatifu, walikuwa na makosa yao kama wamisionari wengine wa karne ile. Lakini kusema walikosa imani, hapana.

Kuhusu jumuiya, usihutubie. Someni Matendo 27 kuanzia mstari wa 9 hadi 44 kwa kupokezana. Ni kama dakika kumi. Kisha kila mtu apewe karatasi aikunje katikati. Upande wa kushoto aandike anachokiomba sasa: kupona, ada ya mtoto, mume arudi. Upande wa kulia aandike Mungu ameahidi nini kinachohusu jambo hilo, na kila ahadi iwe na sura na mstari. Hapo ndipo watu hukwama, na ni vizuri wakwame. Kwa kisukari cha mama, kulia kunaweza kuandikwa Yohana 6:40 juu ya kufufuliwa siku ya mwisho, Mathayo 28:20 juu ya kuwa pamoja nasi, 2 Wakorintho 12:9 juu ya neema itoshayo, na Warumi 8:38-39. Wafilipi 4:6-7 inavutia kwa namna yake: inatuagiza tupeleke haja zote kwa Mungu, na kinachoahidiwa hapo ni amani ya kuhifadhi moyo, hata kabla haja haijajibiwa. Ya kushoto mnayaomba. Ya kulia mnayatumaini. Msifute upande wa kushoto. Anayeacha kuomba kwa kisingizio kwamba hakuahidiwa naye amepotea njia.

Makosa mawili hujitokeza katika zoezi hili. La kwanza, mtu huchukua ahadi ya mwingine, miaka 15 ya Hezekia au mtoto wa Sara, na kuiandika kama yake. Muulize aliahidiwa nani. La pili ni gumu zaidi: atasimama mtu mwenye ushuhuda wa kuponywa, tena wa kweli, na chumba kizima kitageuka kumtazama mgonjwa. Hapo kiongozi ashukuru kwa sauti, aseme hiyo ni zawadi, na asiruhusu ushuhuda ugeuzwe sheria kwa mwenzake. Ukinyamaza, mgonjwa atarudi nyumbani na mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza.

Mwisho ni huo mfungo. Mama asifunge kavu. Insulini bila chakula hushusha sukari kupita kiasi: atatetemeka, atatoka jasho, atachanganyikiwa, anaweza kuzimia. Ikitokea na bado anameza vizuri, mpe soda yenye sukari au maji ya sukari upesi, kisha chakula. Akizimia usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Sheria ya Kanisa ya kufunga inawahusu waliotimiza miaka 18 hadi mwanzo wa mwaka wao wa 60, nayo inaruhusu mlo mmoja kamili, na wagonjwa hawabanwi nayo. Kwa miaka 61 mama amekwishatoka humo hata kama angekuwa mzima. Wewe na ndugu zako wenye afya mnaweza kufunga kwa nia yake. Badala ya mfungo, mwombeeni Mpako wa Wagonjwa, kama Yakobo 5:14 inavyoagiza. Si wa wanaokata roho tu, na hupokelewa tena ugonjwa ukizidi. Mwambieni paroko mapema, msingoje usiku wa manane hali ikiwa imeharibika, na siku hiyo mama awe ameshadunga sindano yake na ameshakula.